Mtoto kazaliwa Mtwara kwenye jua lote hili halafu anaambiwa vitamini D iko chini, inakuwaje wakuu?

mwana_shangani
Wakuu heshima zenu. Mdogo wangu kajifungua hapa Mtwara mjini, mtoto wa kike, miezi ilitimia vizuri tu ila kilo ni 2.4. Wakarudi nyumbani hamna shida, wiki ya kwanza inaelekea kuisha mtoto akaanza kutetemeka mikono na taya, ukimshika mkono hautulii, mara macho yanakodoa upande mmoja. Tukamkimbiza hosp. Sukari wakapima ikawa sawa, malaria hamna, kalsiamu ndo ikakutwa chini. Daktari akaomba na kipimo cha vitamini D, damu ikapelekwa Dar, majibu yamerudi 11. Mtoto aliwekewa kalsiamu ya mshipa, sa hizi karudi nyumbani na matone, ananyonya balaa na kutetemeka kumeisha.

Sasa ninachojiuliza, Mtwara hii hii? Jua la hapa pweza unamwanika asubuhi jioni kakauka kama soli, leo mtoto anakosa vitamini ya jua? Mama mkwe keshatoa hukumu kwamba mtoto hakuanikwa. Nikamwambia mama, siku ile hata kitovu kilikuwa hakijadondoka, ulitaka aanikwe saa ngapi. Na hizo kilo 2.4 nazo zinatokana na hiyo vitamini? Mimba ilimsumbua, samaki alikuwa hataki hata harufu, na anashinda dukani anauza simu na vocha toka asubuhi mpaka usiku. Karibuni.

kangomba_tu
Biashara za kuuza dawa hizo mkuu. Bibi zetu Tandahimba wamezaa kumi kumi, nani alipimwa vitamini D? Ngoja nikae pembeni nisome.

msimbati_beach
11 ya nini? Kuna maabara zinaandika nanogramu kwa mililita na zingine nanomoli kwa lita, zinapishana mara mbili na nusu. Angalia karatasi kwanza.

mwana_shangani
Imeandikwa ng/mL.

msimbati_beach
Basi zidisha kwa 2.5 unapata 27 na ushee kwa ile hesabu nyingine. Makubaliano ya mabingwa wa matege ya 2016 yanasema chini ya 30 ni upungufu, 30 mpaka 50 haitoshi, juu ya 50 mtoto yuko poa. Daktari wenu hakubahatisha.

nesi_mstaafu_lindi
Hongereni kwa mgeni na poleni kwa purukushani. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, sasa napumzika huku Lindi na miembe yangu, acha niseme ninachokijua.

Hilo la kuanikwa mwambieni mama mkwe kwa adabu aliweke pembeni. Kichanga cha wiki moja hakina vitamini D yake mwenyewe, yote aliyonayo kapewa na mama tumboni kupitia kondo la nyuma, na kwa kawaida anazaliwa na kiasi pungufu ya alichonacho mama. Mama akiwa nayo tele mtoto anaanza na akiba, mama akiwa nayo kidogo mtoto anapata kidogo ya kidogo. Na hiyo akiba haikai, kila baada ya wiki mbili tatu imeshapungua nusu. Maziwa ya mama na sifa zake zote, hiki ndo kitu yanacho kidogo mno, lita nzima mara nyingi haifiki yuniti 80 wakati mtoto anatakiwa apate kama 400 kwa siku. Mtu asije akasema nesi kakataza kunyonyesha! Nyonyesheni, tone linakuja juu yake.

Kwa hiyo muulizeni mama mtu alikuwa anapata jua kiasi gani miezi ile ya mimba, na jibu mleta uzi umeshalitoa mwenyewe: dukani toka asubuhi mpaka usiku. Jua liko nje, dukani halipo. Mwanga ukipita kwenye kioo unaona vizuri lakini ile mionzi ya UVB ambayo ngozi inatengenezea vitamini imebaki upande wa pili. Baibui nalo linaizuia. Na ngozi zetu hizi nyeusi zina melanini ya kutosha ambayo inatukinga na kuungua, ila ndo hiyo hiyo inayotufanya tuhitaji muda mrefu juani kuliko mtu mweupe. Mwanamke anayefuata pweza Msimbati maji yakipwa, au anayepalilia mikorosho, mikono na miguu nje, mm huyo simwogopei sana. Wamaasai na Wahadzabe walishapimwa, matokeo yalitoka 2012, wastani wao ulikuwa nanomoli 115, mtu mweusi kabisa anayeishi juani. Ninayemwogopea ni binti wa mjini: asubuhi bajaji, mchana feni, jioni giza, na samaki hataki.

Kutetemeka sasa. Mtoto akiwa tumboni kalsiamu anasukumiwa na mama kupitia kondo, hahitaji kufanya kazi yoyote. Kitovu kikikatwa mrija umefungwa, anategemea utumbo wake mwenyewe uinyonye kalsiamu kutoka kwenye maziwa, na kazi hiyo vitamini D ndo inaiwezesha. Ikiwa haba kalsiamu ya damu inashuka siku baada ya siku, neva zinakuwa kama zimeguswa kila saa, mara mikono inatetemeka, mara degedege kabisa. Ndo maana alitoka leba mzima akaja kuanza mwisho wa wiki. Mlifanya la maana kukimbia hosp, kuna nyumba nyingi huku kwetu mtoto wa namna hiyo angeanza kufukizwa kwanza.

kangomba_tu
Shikamoo mama. Hapo nimeelewa, ila bibi zangu bado.

nesi_mstaafu_lindi
Marahaba. Bibi zako walikuwa shambani mwanangu, hawakuwa wanauza vocha. Na degedege la vichanga lilikuwepo, walikuwa hawapimi tu.

fundi_wa_masasi
Mbona haya matone si ndo yale wanayogawa kwenye kampeni, wanakata ncha ya kidonge chekundu wanamminyia mtoto mdomoni? Wangu wote wamepata.

msimbati_beach
Hapana mkuu ile ni vitamini A. Ya bluu ni kwa wa miezi 6 mpaka 11, nyekundu kuanzia mwaka. D haigawiwi kwenye kampeni, hii daktari anakuandikia unanunua. Watu wengi wanachanganya, mtu anakwambia mtoto ameshapata vitamini wakati kapata herufi nyingine.

mama_wa_mikindani
Mm nyumbani nilipojifungua nilikaa ndani arobaini yote, dirisha lenyewe pazia limeshushwa eti upepo mbaya na vijicho, mtoto kafungwa khanga mpaka kidevuni na kofia ya sufu juu, mwezi wa kumi na mbili huo! Joto lile mtoto alitoka vipele mwili mzima. Baada ya arobaini ndo nikaambiwa nimwoteshe jua la saa moja asubuhi mpaka saa mbili kwa sababu ndo lina vitamini, la baadae lina sumu. Nesi hii ni kweli? Maana nimeifanya kwa wote wanne.

nesi_mstaafu_lindi
Mama wa Mikindani hilo la saa moja tumelifundisha wenyewe miaka nenda rudi huko kliniki. Jua la saa moja ni zuri, halimuunguzi mtoto, lakini likiwa chini vile UVB inakuwa kidogo sana kwa sababu mwanga unapita kwenye hewa nyingi kabla ya kukufikia. Angalia kivuli chako: kikiwa kirefu kukuzidi, vitamini unayotengeneza hapo ni ya kuhesabu. Kuanzia saa tatu hivi kivuli kinaanza kufupika. Uzuri wa huku kusini ni kwamba hata mwezi wa sita saa sita mchana kivuli chako ni kifupi kuliko wewe, wenzetu wa Ulaya miezi ya baridi hawana hiyo bahati.

Lakini sisemi mkamlaze kichanga uwanjani saa sita! Ngozi yake laini, anaungua na anakaukiwa maji haraka. Mkae barazani au chini ya mwembe saa tatu saa nne, mtoto umemfungua mikono na miguu, dakika chache linampata jua lenyewe kisha unarudi kivulini, na wewe mama umekunja mikono ya gauni. Mama ndo akae zaidi. Marekani kule Cincinnati walishawahi kupima watoto wanaonyonya, mwaka 1985, wakaona nusu saa kwa wiki mtoto akiwa na nepi tu, au saa mbili kwa wiki amevaa nguo bila kofia, inamtosha. Ila wale walikuwa watoto weupe, wa kwetu wanataka zaidi, na kiasi gani hasa inategemea ngozi na ngozi. Kwa mtoto aliyekwisha pungukiwa kama huyu wa uzi jua siyo tiba, tiba ni matone.

jicho_la_kilwa
Na manjano je? Wa kwangu alikuwa na macho ya njano tukaambiwa tumweke juani.

nesi_mstaafu_lindi
Hiyo ni habari nyingine kabisa. Manjano inavunjwa na mwanga wa bluu, ndo zile taa za hospitali, haihusiani na vitamini D. Mtoto akiwa wa njano siku ya kwanza ya kuzaliwa, au njano imeshuka mpaka kwenye nyayo, au hanyonyi, usikae naye barazani unasubiri jua lichomoze, nenda.

takwimu_tu
Niguse kwenye kilo maana naona zimepitwa. Tusiibebeshe vitamini D kila mzigo. Ni kweli ukipima akina mama wengi unakuta wenye vitamini D chini ndo wanaopata zaidi watoto wadogo, njiti na kifafa cha mimba. Lakini mama huyo huyo mara nyingi ndo ana damu pungufu, chakula duni, anaumwa umwa hatoki nje, utajuaje kipi kimefanya nini? Njia ya kujua ni kugawa, hawa wape dawa ya kweli hawa wape ya bandia halafu usubiri watoto. Bangladesh walifanya hivyo kwa wajawazito 1,300, majibu yakatoka 2018, wengine walipewa mpaka yuniti 28,000 kwa wiki. Watoto hawakuzaliwa wakubwa zaidi wala hawakukua zaidi. Hapa hapa Dar es Salaam wakafanya kwa wajawazito wanaoishi na VVU, yuniti 3,000 kila siku, ikatoka 2022, watoto waliozaliwa wadogo hawakupungua. Vitamini kwenye damu inapanda, kilo zinabaki pale pale.

mlindi_ughaibuni
Lakini huku Uingereza mtoto anayenyonya anaanzishiwa matone toka kuzaliwa, mikrogramu 8.5 mpaka 10 kwa siku, sawa na yuniti 340 mpaka 400. Mm niko Leicester, mhudumu alikuja mpaka nyumbani akaniuliza umeanza? Sikubishana, huku miezi ya baridi jua ni la picha. Sasa mnaposema haina faida mnanichanganya.

takwimu_tu
Dada sijasema haina faida. Kwa mifupa na kalsiamu faida yake haina ubishi, matone unayopewa huko ni kuzuia matege na hicho kilichompata mtoto wa mleta uzi. Nilichokataa ni kumwambia mjamzito meza hii mtoto azaliwe na kilo tatu.

nesi_mstaafu_lindi
Takwimu kasema vizuri. WHO yenyewe 2020 haikutaka kila mjamzito apewe vitamini D, ilisema anayehisiwa anayo pungufu ndo apewe yuniti 200 kwa siku. Kwa watoto, 2022 ikasema njiti na waliozaliwa na uzito mdogo wanaonyonya maziwa ya mama wanaweza kupewa, 400 mpaka 800 kwa siku. Kilo 2.4 ni chini ya 2.5, kwa hiyo huyu wenu hata bila kile kipimo alikuwa na haki ya matone.

Huku kwetu mtoto akizaliwa mdogo vitu vya kwanza ninavyouliza ni malaria na damu. Mleta uzi shika kadi ya kliniki ya mdogo wako, SP, ile dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, alimeza mara ngapi, na HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya mwisho ilikuwa ngapi?

mwana_shangani
SP imeandikwa mara mbili. HB 8.9 mama. Na nimembana sasa hivi kasema vile vidonge vya chuma na foliki alikuwa anaviweka chini ya godoro, vilikuwa vinamtapisha.

nesi_mstaafu_lindi
Chini ya godoro! Ningepewa shilingi kwa kila godoro ningekuwa na ghorofa. Damu ilikuwa pungufu, basi huenda kilo mmezipata zilikoenda. Angesema kliniki wangempangia ameze usiku baada ya kula. Na sa hizi bado anavihitaji, asidhani kwa kuwa kashajifungua imeisha, damu imemwagika leba.

mdau_wa_newala
Wadau na matege nayo? Huku juu Newala kuna ukungu na baridi mwezi wa sita wa saba, watoto tunawafunga kweli kweli. Kuna mtoto wa jirani ana mwaka na nusu miguu imepinda, kichwa mbele kimetokeza, hajatembea.

msimbati_beach
Huyo apelekwe mkuu, wapige picha ya kifundo cha mkono na kupima damu. Matege ya kukosa vitamini D mara nyingi yanajitokeza kuanzia miezi sita kwenda mbele, akiba ya kuzaliwa imeisha zamani na chakula hakileti. Ethiopia nayo ni nchi ya jua lakini watoto wanafunikwa, na utafiti wa 1997 ulikuta watoto waliolazwa na nimonia ndo wenye matege kwa wingi zaidi kupita wenzao. Mbavu zikiwa laini mtoto hawezi kuvuta pumzi wala kukohoa sawasawa.

Ila siyo kila matege ni D. Kule Jos Nigeria watoto walikuwa na matege na jua wanalipata, kumbe wanakula nafaka kavu hawana kalsiamu. Walipopewa kalsiamu walipona vizuri, ikatangazwa 1999. Kwa hiyo mtoto wa mihogo na ugali mtupu mnamtia jua kila siku na miguu inapinda vile vile. Uji wake utiwe dagaa waliosagwa na mifupa yao.

mama_wa_mikindani
Na D kwenye chakula iko wapi basi?

msimbati_beach
Kibua! Samaki wa mafuta, kibua, dagaa, jodari kidogo. Kiini cha yai, maini. Mchicha na kisamvu haimo, ming'oko haimo. Ndo uchungu wenyewe, mjamzito wa pwani anachukia kibua mimba nzima halafu anakuja kununua chupa ya matone.

jicho_la_kilwa
Mjamzito anayenuka kibua mumewe analala sebuleni hahaha

mwana_shangani
Mama nesi, hivi mdogo wangu akimeza zake nyingi zikapita kwenye maziwa, mtoto aache matone? Maana kumtia kila siku ni vurugu, anayatema.

nesi_mstaafu_lindi
Kwa mtoto mzima inawezekana, Wamarekani walijaribu wakatoa majibu 2015, mama alikuwa anameza yuniti 6,400 kila siku na watoto wakawa sawa na wale wanaopewa matone 400. Lakini hicho ni kiasi kikubwa cha kuandikiwa na daktari siyo cha kujipimia, na mtoto wenu yuko kwenye matibabu, hakuna kuacha. Mdondoshee kwenye chuchu kabla hajashika ziwa, hatatema.

Halafu hebu soma chupa, imeandikwa yuniti ngapi kwa tone, au kwa mililita? Kuna chupa 400 iko kwenye mililita nzima na kuna chupa 400 iko kwenye tone moja, na dropa zinafanana. Marekani walishatoa tahadhari 2010 kwa sababu ya hizo dropa, watoto walikuwa wanazidishiwa.

mwana_shangani
Nimepiga simu, inasema 400 kwa tone moja. Daktari kaandika matone matano. Ila mama mkwe ndo anayempa, na mdogo wangu anasema mama anavuta dropa mpaka inajaa, eti apone upesi. Toka walipotoka hosp.

msimbati_beach
Matone matano ni 2,000, hiyo ndo dozi ya matibabu kwa wa chini ya mwaka. Dropa iliyojaa inaweza kuwa matone 30, piga hesabu, ni 12,000 kila siku.

nesi_mstaafu_lindi
Msianze kugombana na mama, hilo la baadae. Matone simamisheni leo leo, na kama kapewa kalsiamu ya kunywa nayo msimpe mpaka daktari aseme. Anyonye kama kawaida. Asubuhi mapema rudini pale pale alipolazwa, bebeni chupa yenyewe na dropa yake na karatasi ya majibu, mwambieni daktari waziwazi alikuwa anapewa dropa nzima na toka lini, wampime kalsiamu ya damu na figo. Hapo kabla ilikuwa chini, sasa wanachotafuta ni kama imepita juu. Usiku huu akianza kutapika, akigoma ziwa, akilegea au akikojoa kupita kiasi msisubiri kukuche. Dozi atakayopanga upya ivutwe na mama yake mzazi, kwa kuhesabu tone moja moja kwenye kijiko.

mwana_shangani
Sawa mama. Bajaji imeshakuja, tunaenda usiku huu huu.